Mkopo wa mashine za kupima mbwa wa mbio: tuuchukue au tuuache?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru. Mdogo wangu alisomea afya ya mifugo kule Njoro, kisha akapata kazi nchini Ayalandi katika banda la mbwa wa mbio aina ya grehaundi. Kazi yake ni kuwalisha, kuwakanda na kuwapeleka uwanjani. Sasa mwenye banda, ambaye umri umemwendea, amemwambia kwamba akileta mtaji atamfanya mshirika na kumwachia mbwa 14 awafunze mwenyewe. Mdogo wangu anataka mtaji huo wote uingie kwenye mashine: kamera ya joto, ultrasaundi ya kubeba mkononi na mashine ndogo ya kupima damu. Anasema mkufunzi mwenye mashine hugundua jeraha kabla mbwa hajaanza kuchechemea. Sisi huku nyumbani tumeombwa tuchukue mkopo wa sacco, na shamba la mama ndilo litakalokuwa dhamana. Kuhusu mbio za mbwa hatujui lolote. Je, mashine hizi zina faida, au tutaweka shamba rehani kwa ajili ya vyombo vya kukaa kabatini? (Dada mkubwa, Lanet)

JIBU: Dada yangu wa Lanet, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutia sahihi. Ninaanza na jibu lenyewe: kwa mkufunzi mwenye mbwa 14, msiliweke shamba la mama dhamana kwa ajili ya kamera ya joto wala mashine ya damu. Ultrasaundi ina nafasi yake, lakini kwa masharti nitakayoyataja. Viko pia vyombo vingine, vya bei ndogo, ambavyo mdogo wako hapaswi kuvikosa hata siku moja, nami naona ajabu kwamba hakuvitaja katika orodha yake.

Hapa Kenya hatuna uwanja wa mbio za mbwa. Pale Ngong wanaokimbia ni farasi, na grehaundi ambao vijana wetu huwatazama kwenye skrini za maduka ya kubashiri mara nyingi ni wa kuchorwa na kompyuta. Kwa hiyo acha niieleze kwanza kazi ya mdogo wako, ili uone mashine zinaingia wapi.

Grehaundi hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, akizunguka kiwanja cha mchanga na kufuata sungura wa bandia anayevutwa na mtambo kwenye reli. Nchini Ayalandi na Uingereza hushindana mbwa sita kwa pamoja, na masafa yaliyozoeleka ni kama mita 480, ambayo mbwa mzuri huyamaliza kwa chini ya sekunde 30. Muda hupimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde, na Uingereza huhesabu urefu wa mbwa mmoja kuwa sekunde 0.08. Maana yake ni kwamba mbwa mwenye maumivu madogo, ambayo hayamfanyi achechemee hata kidogo, anaweza kupoteza sekunde 0.3 tu, na hizo zikawa karibu urefu wa mbwa wanne. Aliyekuwa mshindi wiki iliyopita anarudi nyuma kabisa, na mkufunzi anamtazama akitembea vizuri bila kujua kinachomsumbua. Hapo ndipo hamu ya mashine inapozaliwa, na ni hamu ya haki.

Liko jambo jingine. Mbwa wote huzunguka kwa kukunja kushoto. Kwenye kona, mguu wa nyuma wa kulia, ulio upande wa nje, hubeba mkazo mkubwa, na ndani ya kifundo chake umo mfupa mdogo wa katikati ambao hubanwa katika kila mbio. Mwili hujaribu kuuimarisha kwa kuufanya mzito na mgumu kuliko mwenzake wa kushoto, lakini mara nyingine juhudi hiyo haitoshi; nyufa ndogo hutangulia, na siku moja mfupa hupasuka mbio zikiendelea. Kwa mbwa wengi huo ndio mwisho wa mbio zao, na kwa baadhi yao ni mwisho wa uhai. Kwa hiyo mdogo wako anapotamani kuona ufa kabla ya mfupa kuvunjika, anatamani jambo jema. Swali ni kama vyombo alivyovichagua vitamwonyesha.

Kamera ya joto haitamwonyesha. Kamera hiyo hupiga picha ya joto lililo juu ya ngozi, na kwa kuwa grehaundi ana ngozi nyembamba na manyoya mafupi, kwake hufanya kazi vizuri kuliko kwa mbwa wa manyoya mengi. Hilo ni kweli, na wauzaji hulisema. Wasilolisema ni kwamba mbwa aliyekuwa amelalia ubavu mmoja, aliyepakwa mafuta ya kuchua, aliyefungwa bendeji, aliyetoka juani au aliyelowa hutoa picha ya kupotosha. Ni lazima atulie kwanza katika chumba kisicho na jua wala upepo, na utaratibu huo urudiwe vilevile kila mara picha inapopigwa. Hata mkifuata hayo yote, kamera ikionyesha kwamba kifundo cha kulia kina joto kuliko cha kushoto, haitawaambia kama tatizo ni mfupa, kano au mchubuko tu. Mkufunzi atafanya nini na habari hiyo? Atampumzisha mbwa na kumwita daktari. Mkono uliozoea ungemwelekeza afanye lilo hilo, bila mkopo.

Niueleze mkono huo unavyofanya kazi, maana mdogo wako anaujua na pengine ameanza kuudharau. Siku inayofuata mbio, mwili ukiwa umepoa, mbwa husimamishwa juu ya meza yenye mkeka wa mpira ili asiteleze, mtu mwingine akimshika kichwa. Mkufunzi huanzia shingoni, mikono yote miwili ikishuka kwa pamoja kushoto na kulia, ili kila msuli ulinganishwe na mwenzake. Akifika ndani ya paja, huupitisha ule msuli mrefu ushukao kutoka nyonga kati ya gumba na vidole, taratibu, akitafuta kishimo, fundo, au mahali ambapo mbwa hulaza masikio, hulamba midomo au huacha kuhema ghafla. Msuli huo ndio unaochanika mara nyingi mbwa akiwa katika kasi kamili. Kisha hukunja kifundo cha nyuma cha kulia, akabonyeza kwa gumba ule mfupa wa katikati, na kufanya vivyo hivyo kushoto. Mbwa anayevuta mguu wa kulia na kuuacha wa kushoto ameshasema, na mbwa huyo hapaswi kukimbia hadi daktari ampige eksirei. Ufa mwembamba kabisa huweza kujificha hata kwenye eksirei ya kwanza, ndiyo maana madaktari waliobobea huomba picha za pembe kadhaa, au picha za tabaka kwa tabaka za mashine ya CT, ambazo huonyesha mfupa huo kwa undani zaidi. Hakuna mkufunzi wa mbwa 14 atakayeinunua mashine ya CT. Hulipia picha moja pale inapohitajika, basi.

Sasa ultrasaundi. Kabla ya jambo lolote, muulizeni mdogo wenu kama chombo anachokusudia kununua kina skrini ya kuonyesha picha. Katika mabanda ya mbwa wa mbio hutumika pia ultrasaundi ya tiba, ambayo hupeleka mawimbi ndani ya msuli ili kuutia joto na kusaidia kupona. Hiyo haionyeshi chochote, na mtu akiinunua kwa kudhani ni ya uchunguzi atakuwa amenunua kitu kingine kabisa. Ile ya uchunguzi, yenye picha, inaweza kuonyesha damu iliyojikusanya ndani ya msuli, nyuzi zilizokatika, na baadaye kovu linavyojaza pengo. Faida yake kubwa kwa mkufunzi haiko katika kugundua jeraha, kwa sababu mchaniko mkubwa huonekana kwa macho, bali katika kuamua lini mbwa arudi uwanjani. Msuli huweza kuonekana umepona kwa nje huku ndani pengo halijajaa, na mbwa akiachiwa mapema huchanika palepale, mara hii vibaya zaidi.

Lakini picha ya ultrasaundi haijisomi yenyewe. Ukikigeuza kidogo tu kile kishikio kinachopitishwa juu ya ngozi, nyuzi nzima huonekana nyeusi kama zilizochanika. Kuisoma vizuri kunahitaji mtu aliyeona misuli mizima mingi kabla ya kuona iliyoumia. Kwa hiyo masharti yangu ni haya: awepo daktari wa wanyama aliye tayari kumfundisha na kuzipitia picha zake, na banda liwe pia linazalisha. Kama mzee mwenye banda ana majike wa kuzalisha, hesabu hubadilika, kwa sababu chombo hicho hicho huonyesha mimba kuanzia takriban wiki ya nne katika ujauzito wa siku kama 63, na hapo kitafanya kazi mara kwa mara badala ya kungoja majeruhi. Kama hazalishi, ni nafuu kumlipa daktari kila anapohitajika.

Mashine ya damu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa hutoa tarakimu, na watu huziamini tarakimu. Grehaundi hafanani na mbwa wengine kwa damu yake. Kipimo cha kawaida kabisa ni kile cha kiwango cha chembe nyekundu. Damu hupandishwa ndani ya kijiti cha kioo chembamba, kijiti huzibwa upande mmoja na kuzungushwa kwa kasi ndani ya sentrifuji kwa dakika chache. Kikitolewa, damu imejitenga: chini imekaa safu nyekundu iliyoshikamana, juu yake utando mweupe mwembamba, na juu kabisa maji ya rangi ya manjano hafifu. Safu nyekundu hupimwa ni asilimia ngapi ya urefu wote. Kwa mbwa wa kawaida huwa kati ya asilimia 37 na 55, ilhali grehaundi mzima huwa kati ya 50 na 65 hivi. Chukua basi grehaundi aliyepimwa akawa na asilimia 42. Mashine iliyowekewa viwango vya mbwa wa kawaida itaandika kwamba hana neno, na mkufunzi atampeleka mbioni mnyama aliyepungukiwa damu.

Upotofu huo hutokea pia kwa upande wa pili. Chembe za kugandisha damu kwa grehaundi mwenye afya huwa chache kuliko za mbwa wengine, na vilevile chembe nyeupe. Kreatinini, ambayo hutumika kupima figo, huwa juu kidogo kwa sababu ana misuli mingi. Homoni ya tezi ya shingo huwa chini. Mashine itawasha alama za hatari kwa mbwa asiye na ugonjwa wowote, naye mtu asiyejua ataanza kumpa vidonge vya tezi, au dawa za figo, au kumwondoa mbioni bure. Ongeza na hili: mbwa akisisimka, wengu wake hujikaza na kusukuma chembe nyekundu nyingi kwenye mzunguko, hivi kwamba damu iliyochotwa mbwa akiwa anarukaruka kwa furaha ya kutoka hailingani na iliyochotwa akiwa ametulia asubuhi bandani. Kipimo kisicho na utaratibu ni karatasi tu.

Kinachosaidia kweli ni damu ya mbwa huyo huyo iliyopimwa akiwa mzima, mwanzoni mwa msimu, katika hali ya utulivu, na matokeo yakahifadhiwa. Mwaka mzima unaofuata, kila matokeo hulinganishwa na yake mwenyewe. Kwa mbwa 14 hilo hufanywa na maabara ya daktari kwa gharama ndogo kuliko riba ya mkopo wenu. Na ikitokea mbwa amemaliza mbio, misuli ya mgongo ikakauka kama ubao, na mkojo ukatoka wenye rangi ya kahawia, hapo misuli inavunjika na kumwaga sumu inayoumiza figo. Damu yake itaonyesha vimeng'enya vya misuli vimepanda sana, lakini mkufunzi hapaswi kungoja mashine iseme. Amkimbize mbwa kwa daktari apewe maji kwenye mshipa, saa ile ile.

Sasa vile vyombo ambavyo havikutajwa. Cha kwanza ni mizani. Nchini Uingereza, ambako grehaundi wengi wanaokimbia wamezaliwa Ayalandi, mbwa hupimwa uzito kabla ya mbio, na akitofautiana kwa zaidi ya kilo moja na uzito wa mara ya mwisho alipokimbia huondolewa. Mizani nzuri, inayokaguliwa usahihi wake, ikitumiwa siku zilezile na kabla ya chakula, humwambia mkufunzi mapema kwamba mbwa ana minyoo, ana msongo, hanywi maji ya kutosha, au ameanza kuugua kabla dalili nyingine haijaonekana. Cha pili ni kipimajoto cha kawaida. Cha tatu ni rifraktomita, chombo kidogo cha mkononi ambacho tone la mkojo huwekwa juu ya kioo chake na kuonyesha kama mkojo ni mzito au mwepesi. Grehaundi wenye wasiwasi wana tabia ya kunywa maji kupita kiasi na kukojoa maji matupu hadi mwili unadhoofika, na chombo hicho hulibaini jambo hilo mapema. Cha nne ni simu ambayo mdogo wenu tayari anayo: apige video ya polepole ya kila mbwa akitembea na akikimbia, kutoka upande, mbele na nyuma, akiwa mzima. Siku mbwa atakapopoteza sekunde zake 0.3, video mbili zikiwekwa pamoja zitaonyesha hatua iliyofupishwa. Cha tano ni daftari. Uzito, joto, muda wa kila mbio, alivyokula, mkono ulichokigusa mezani: yote yaandikwe kwa jina la mbwa na tarehe. Bila daftari hilo hata mashine ya milioni haina cha kulinganisha nacho.

Kuna suala la sheria pia, na nyumbani mlijue. Kutambua ugonjwa na kuagiza tiba ni kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa. Ndivyo ilivyo Ayalandi chini ya sheria yao ya mwaka 2005, Uingereza chini ya sheria ya 1966, na hapa Kenya chini ya sheria ya 2011 inayosimamiwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Masomo ya Njoro ni hazina, nami nayaheshimu, lakini hayamfanyi mdogo wako kuwa daktari aliyesajiliwa Ayalandi. Akisoma picha na kuanza kutoa hukumu na dawa, hasa kwa mbwa ambao wana wenyewe, anajitia hatarini.

La mwisho katika barua yako hukuliuliza, lakini shamba la mama linanilazimu niliseme. Mchezo huu unafungwa katika baadhi ya nchi kwa sababu ya majeruhi wa mbwa na hatima yao baada ya kustaafu. Wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, waliamua mwaka 2018 kuukomesha, na viwanja vikafungwa kufikia mwisho wa 2020. Serikali ya New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itaupiga marufuku, na serikali ya Wales ikatoa tangazo kama hilo Februari 2025. Nchini Ayalandi mchezo unaendelea na hupata fedha za serikali, ila mnunuzi wa mbwa wa Ayalandi yuko zaidi ng'ambo ya bahari, na yanayotokea huko yatamfikia. Mkopo wa miaka mingi uliofungamana na mchezo wa namna hii ni mzigo ambao mama hapaswi kuubeba.

Mwandikieni hivi mdogo wenu: aanze na mizani, kipimajoto, rifraktomita na daftari kwa akiba yake mwenyewe; apatane na daktari mmoja aje bandani kwa tarehe maalumu; na baada ya msimu mzima awaonyeshe katika daftari ni mara ngapi ultrasaundi ingebadilisha uamuzi wake. Kama ni mara nyingi, tuzungumze tena, na wakati huo mzee mwenye banda naye atoe sehemu yake ya fedha.

SWALI: Daktari, mimi nafunza mbwa wa ulinzi hapa Mamboleo, Kisumu, nina mbwa kama ishirini wa kampuni mbalimbali. Yupo muuzaji anayenishawishi ninunue kamera ya joto, akisema ndiyo wanayotumia wakufunzi wa mbwa wa mbio huko Ulaya, na kwamba itanionyesha mbwa aliyezidiwa na joto na mbwa mwenye homa ya kupe. Nishauri. (Mzee wa mbwa, Mamboleo)

JIBU: Mzee wangu, usiinunue kwa kazi hiyo. Mbwa wako wa ulinzi wana manyoya mazito ya tabaka mbili, na kamera itapima joto la manyoya yaliyopigwa na jua la Kisumu, siyo la mwili. Unachohitaji ni kipimajoto cha kuingiza kwenye njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo, mbwa akiwa ameshikwa na mtu anayemzoea. Mbwa mzima akiwa ametulia ana joto la kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi.

Wakufunzi wa grehaundi wana desturi moja ambayo ingekufaa kuliko kamera. Joto la grehaundi baada ya mbio huweza kupita nyuzi 41 kwa muda mfupi, hata kama ni mzima, kwa hiyo wanachotazama ni jinsi linavyoshuka akipozwa. Fanya vivyo hivyo: pima mwisho wa zoezi, kisha pima tena baada ya kumpumzisha kivulini na kumpa maji. Mbwa ambaye joto lake halishuki, anayehema kwa kelele, mwenye ufizi mwekundu sana au anayeyumba, amezidiwa. Mmwagie maji mwili mzima, mweke penye upepo au feni, usimfunike kwa taulo lililolowa likakaa juu yake kwa maana litashika joto, na uache kummwagia akifika nyuzi 39.5 ili asipitilize upande wa baridi. Wakati huo huo awe njiani kwenda kwa daktari, hata kama amesimama na kutikisa mkia, kwa sababu madhara ya figo na ya kuganda kwa damu hujitokeza saa kadhaa baadaye. Na zoezi lenyewe lifanywe alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya ziwa.

Kuhusu homa ya kupe, kamera haiwezi kuitambua kabisa. Homa ni homa, iwe imeletwa na kupe au na kidonda. Kwa banda la mbwa ishirini, katika eneo lenye kupe kama lako, hadubini ingekuwa na faida ya kweli, mradi awepo mtu wa kuisoma: tone la damu hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na vijidudu vingine huonekana ndani ya chembe zenyewe. Huna mtu huyo? Basi mpatie daktari wako vioo hivyo avipeleke maabara. Jihadhari pia na vile vipimo vya haraka vya tone moja la damu. Vingi hutafuta kinga ambayo mwili ulijitengenezea, na kinga hiyo hubaki kwa miezi mingi baada ya mbwa kupona, kwa hiyo mstari ukitokea haumaanishi kwamba mbwa ni mgonjwa leo. Fedha ya kamera itumie kwa dawa ya kupe, kwa mbwa wote kwa siku moja, na kwa banda pia.

SWALI: Nasomea afya ya wanyama karibu na Nakuru na ningependa siku moja kufanya kazi na mbwa wa mbio ng'ambo. Kati ya ultrasaundi na eksirei, nijifunze ipi kwanza? (Mwanafunzi, Njoro)

JIBU: Mwanangu, anza na ultrasaundi. Eksirei hutoa mionzi, mashine yake inahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, na mwanafunzi haruhusiwi kuigusa bila msimamizi na bila beji ya kupimia mionzi aliyovaa kifuani. Ultrasaundi haina mionzi, na hapa Nakuru utapata mazoezi kila juma kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaotaka kujua mimba. Mkono ukishazoea kishikio, mwombe daktari wa mbwa mjini akuruhusu, kwa idhini ya mwenye mbwa, upitishe kishikio kwenye mapaja ya kila mbwa mzima anayeletwa kuchanjwa, kushoto na kulia, ukihifadhi picha kwa jina na tarehe. Misuli mizima ndiyo utakayoijua kwanza. Mwajiri wa ng'ambo atakapokuuliza unajua nini, mwonyeshe picha hizo.